Krismasi ya kwanza Saksonia, na wajukuu wote wako Machame

Wapendwa washauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa miaka 66, na mume wangu ni mchungaji mstaafu wa miaka 70. Mwezi Agosti dayosisi yetu ilitutuma Ujerumani tukahudumu miaka miwili katika usharika rafiki. Tuko kwenye mji mdogo wa Saksonia, mwendo wa saa moja kwa treni kutoka Leipzig. Kazi tunaipenda na watu wametupokea vizuri. Kinachonikosesha usingizi ni Desemba.

Kwetu ni Machame, Kilimanjaro. Tangu niolewe sijala Krismasi nje ya kihamba, shamba letu la ukoo. Ikifika tarehe 20 magari yanapanda mlima, watoto wanatoka Dar na Arusha, wajukuu 11 wanabanana sebuleni kwenye magodoro, Baba anachinja mbuzi na kugawa nyama, kisusio, ile supu ya damu, kinachemka, machalari ya ndizi na nyama yako jikoni tangu alfajiri. Mwaka huu tutakuwa wawili, vyumba viwili, ghorofa ya tatu, na giza linaingia saa kumi jioni.

Watu wa usharika hawajatualika kula Krismasi. Familia moja tu imesema tuje tarehe 26 saa tisa alasiri, "kahawa". Kahawa! Kwetu mgeni wa Krismasi anapewa paja. Nililia siku hiyo, ingawa sikumwonyesha mtu.

Mume wangu ana shinikizo la damu na kisukari, anatumia vidonge, na nyayo zimeanza ganzi. Tangu aone barafu barabarani hataki kutoka. Anakaa karibu na kipasha joto anaandika hubiri, maana ameombwa atoe salamu kwenye ibada ya tarehe 24. Nikimwambia nina huzuni ananiambia tuombe.

Binti yetu anataka kututumia nyama kavu na samli kwa posta. Mimi nimefikiria kutafuta jiko la mkaa niliweke kibarazani, likichoma nyama vizuri nililete ndani litupe joto. Na watoto nyumbani wameshaanza kuuliza hela ya sikukuu, wanadhani huku tunaokota Euro.

Tufanyeje ili siku hiyo isituvunje moyo?

Mama Mchungaji, Saksonia

*

Mama Mchungaji, shikamoo, na shikamoo yetu imfikie Baba Mchungaji.

Kabla ya mengine yote, lile jiko la mkaa. Mama, usiliingize ndani, hata likiwa limebaki makaa mekundu yasiyotoa moshi. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na nyumba za huko zimezibwa kila upenyo ili baridi isipite. Jiko la Machame linapumua kwa sababu paa na kuta zina nafasi, lakini chumba cha ghorofa ya tatu chenye madirisha ya vioo viwili hakina pa kupumulia. Mtu anasikia usingizi, anajilaza, haamki. Kibarazani nako mikataba mingi ya kupanga nyumba inakataza mkaa. Nyama chomeni kwa oveni.

Sasa kahawa ya tarehe 26. Machozi yako yametoka hapo, na tunaona mwaliko huo umeusoma kwa macho ya Machame. Kilele cha sikukuu kwa Wajerumani ni jioni ya tarehe 24, wanayoiita Heiligabend. Watu wanatoka ibadani, mlango unafungwa, zawadi zinafunguliwa chini ya mti, na waliomo ndani ni baba, mama, watoto, pengine na bibi. Hata ndugu wa tumbo moja mara nyingi hawatembeleani usiku ule. Tarehe 25 ni chakula cha mchana cha ukoo, bata bukini wa kuoka au nyama nyingine nzito. Tarehe 26, ambayo nayo ni sikukuu kamili ya serikali, ndiyo ya kutembeleana. Familia iliyowaita siku hiyo imewapa nafasi ambayo kwa kawaida inakaliwa na shangazi na wajomba.

Na "kahawa" ya huko si kikombe cha kahawa. Ni meza iliyotandikwa kitambaa, keki za aina mbili au tatu, biskuti za nyumbani, na Stollen, ule mkate mzito wa siagi na zabibu kavu uliofunikwa sukari ya unga. Wali na nyama havitakuwepo, kwa hiyo kuleni mchana kwenu, hasa Baba mwenye kisukari, asifike na njaa akakuta sukari tupu. Saa tisa ni saa tisa. Mkichelewa nusu saa mtakuwa mmewaumiza, hata wasiposema. Kaeni mpaka saa kumi na moja au kumi na mbili, kisha muage, isipokuwa wenyeji wameanza kupanga mikate na jibini mezani. Hapo wanataka mbaki. Bebeni zawadi moja ya nyumba nzima. Kama mna kahawa ya Kilimanjaro, robo kilo inatosha na itazungumzwa mwaka mzima. Viatu huvuliwa mlangoni. Baba asibaki na soksi: nyayo zenye ganzi haziwezi kumwambia kama amekanyaga kitu, kwa hiyo abebe viatu laini vya ndani vyenye soli.

Ikitokea familia ikawavuta kwake jioni ya tarehe 24, mkaletewa soseji na saladi ya viazi, msifikiri mmedharauliwa. Hicho ndicho chakula cha usiku huo katika nyumba nyingi za Saksonia. Ni chepesi makusudi, ili mama wa nyumba awahi ibadani na asishinde jikoni.

Ushauri wetu mkubwa ni huu: msikae mkingoja kualikwa. Tarehe 24 waachieni wenyeji, na tarehe 25 mchana muwe wenyeji ninyi. Kilichokuumiza, Mama, si upweke peke yake. Miaka yote umekuwa mwenye nyumba, na mwaka huu umejikuta mgeni anayesubiri mlangoni. Baba naye vivyo hivyo, tena pengine zaidi. Mzee aliyezoea kushika kisu na kugawa nyama kwa ukoo wake, kila mtu kwa nafasi yake, sasa anakaa karibu na kipasha joto bila mtu wa kumgawia. Huyo tunadhani anakimbilia kwenye hubiri kwa sababu ndiyo kazi pekee iliyobaki mkononi mwake.

Waalikeni watu sita, ili pamoja nanyi muwe wanane. Vyumba viwili havibebi zaidi. Kila usharika wa huko una wajane wanaokula Krismasi peke yao mbele ya televisheni, na hawatasema. Muulize mchungaji mwenyeji akutajie wawili au watatu. Wengine watafuteni kati ya wanafunzi wa kigeni na familia zilizokimbia vita, ambao nao madirisha yao yatakuwa kimya siku hiyo. Mwaliko wa mdomo baada ya ibada Mjerumani huuchukua kama maneno ya upole tu. Andika kadi, umpe mkononi kabla ya Jumapili ya tatu ya Majilio, na iwe na saa ya kuanza na ya kumaliza: "Herzliche Einladung zum Weihnachtsessen, 25. Dezember, 12.30 bis 16.00 Uhr", yaani karibuni sana chakula cha Krismasi, tarehe 25 Desemba, saa sita na nusu mchana mpaka saa kumi jioni. Kwetu kumwandikia mgeni saa ya kuondoka ni kumfukuza, lakini kwao ni kumpa raha, maana anajua amekaribishwa mpaka lini. Wakiuliza walete nini, usijibu "njooni tu". Mmoja alete saladi, mwingine vinywaji, mwingine kitindamlo. Na uwaulize mapema nani hali nyama, maana hukosi mmoja.

Tarehe 24 maduka yanafungwa saa nane mchana, mengine mapema zaidi. Tarehe 25 na 26 yamefungwa kutwa, na Krismasi ikiangukia Ijumaa, tarehe 27 ni Jumapili, nayo yamefungwa. Watu wasiojua hujikuta wananunua mkate wa kituo cha mafuta kwa bei ya kuumiza. Vitu vikavu malizeni kuvinunua kufikia tarehe 15, na mboga nunueni tarehe 23 asubuhi. Nyama ya mbuzi haikai tu buchani kama kwetu. Kondoo ndiye anayepatikana kirahisi. Nendeni kwenye bucha za Waturuki na Waarabu za Leipzig, mtaa wa Eisenbahnstraße una maduka ya namna hiyo, mtoe oda wiki moja kabla na mchukue tarehe 22 au 23. Kuchinja wenyewe uani msithubutu. Sheria ya huko inakataza kuchinja mnyama bila kumzimisha fahamu kwanza, na nyama lazima ipimwe.

Machalari yatawezekana, ila ndizi zitawasumbua. Mshare, ndizi yenyewe ya machalari, ni shida kuupata. Kinachouzwa kwa jina la Kochbanane kwa kawaida ni mzuzu, na mzuzu ukiupika kama mshare unabaki mgumu katikati na unaleta utamu usiotakiwa. Chagueni zilizo kijani kabisa, zisizo na doa la njano. Ganda lake halimenyeki kwa vidole: kata ncha, chora mstari kwa kisu kuanzia juu mpaka chini, kisha libandue kwa pembeni. Kwa watu wanane tumia kilo 2 za mzuzu na kilo 1 ya viazi mviringo vyenye wanga mwingi, mfuko umeandikwa mehligkochend. Viazi hivyo ndivyo vitakavyovunjika na kuupa mchuzi ule uzito unaoujua. Ukinunua vilivyoandikwa festkochend vitabaki vipande vipande. Nyama chukua kilo moja na nusu ya muundi wa ng'ombe wenye mfupa, Beinscheibe, au ya kondoo. Vitunguu vitatu vikubwa, chumvi, na siagi mwishoni.

Nyama ichemsheni tarehe 24 asubuhi, kwa muda wa saa mbili mpaka mbili na nusu, kwa moto mdogo, muihifadhi na supu yake kwenye friji. Tarehe 25 mkitoka kanisani tieni mzuzu kwenye supu inayochemka, supu ipite juu ya ndizi kwa kimo cha kidole kimoja. Baada ya dakika 15 ongezeni viazi, kisha subirini dakika 25 nyingine. Ndizi mlizomenya asubuhi zilazeni kwenye maji yenye limau na chumvi, zisije zikawa nyeusi. Na jiko zima lizimwe mnapotoka kwenda ibadani. Jiko la umeme lenye uso wa kioo hubaki na moto hata wekundu wake ukizimika, kwa hiyo kitambaa kisiachwe juu yake.

Jiko hilo lina masharti mengine. Sufuria iwe na kitako bapa kabisa. Zile sufuria zetu zenye tumbo la duara zinagusa kioo sehemu ndogo tu, chakula kinaungua katikati na pembeni kibichi. Kama mtapiga mtori au kusonga ugali, ishusheni sufuria kwenye ubao, maana pigo la mwiko likishuka kwenye kioo linaweza kukipasua. Pilau je? Makaa ya juu ya mfuniko hayapo, lakini oveni inafanya kazi ileile na kwa usahihi zaidi: maji yakikaribia kukauka, funika sufuria isiyo na mpini wa plastiki kwa karatasi ya aluminiamu na mfuniko, iingize kwenye nyuzi 160 kwa dakika 25. Mkikaanga vitunguu au chapati, fungeni mlango wa jikoni na mfungue dirisha, la sivyo kengele ya moshi ya darini italia jengo zima. Wengine huichomoa betri wakaisahau hivyo. Msifanye hivyo, ile ndiyo inayowaamsha usiku moto ukitokea. Wajulisheni na majirani kwa kikaratasi kwamba mchana huo mtaimba. Kufikia saa nne usiku kuwe kimya.

Mzigo wa binti yenu: nyama kavu na samli vitakamatwa na kuharibiwa. Nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kutoka nchi zetu, iwe kwa posta au kwenye begi la msafiri. Maembe, maparachichi na mboga vinadai cheti cha afya ya mimea. Lakini kuna matunda matano yasiyodaiwa cheti hicho, nayo ni nanasi, nazi, durian, tende na ndizi. Kwa hiyo kama kuna mtu wa dayosisi anayesafiri mapema Desemba, binti yenu amfungie kilo chache za mshare kwenye gazeti, mbichi kabisa, na msafiri awatajie forodha akiulizwa. Hapo tatizo la mzuzu limeisha. Kwa posta, zawadi kati ya mtu na mtu isiyozidi thamani ya Euro 45 haitozwi ushuru, na ndani yake kahawa isizidi gramu 500. Unga wa ulezi wa uji msihangaike kuuagiza. Maduka ya Wahindi wanauuza kwa jina la ragi.

Sasa Baba Mchungaji. Hofu yake ya barafu ina sababu, kuvunjika nyonga katika umri wa miaka 70 si jambo dogo. Lakini kujifungia nako kunamdhuru: asiyetembea sukari yake inapanda na miguu inalegea, na huyo ndiye atakayeanguka siku akitoka. Mnunulieni meno ya chuma yanayovishwa juu ya kiatu kwa mpira, yanaitwa Spikes, yanauzwa kwenye maduka ya viatu na ya michezo. Anavaa akifika mlango wa nje na kuvua kabla ya kukanyaga vigae, maana kwenye vigae yanateleza vibaya kuliko soli. Atembee hatua fupi, unyayo mzima ukishuka kwa pamoja, mikono nje ya mifuko. Barafu mbaya kuliko zote ni ile isiyoonekana, mvua iliyoganda ikaacha lami inang'aa kama imelowa tu. Asubuhi ya namna hiyo abaki ndani mpaka wamwage kokoto au chumvi.

Buti zake zipimwe jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi nene zikiwa ndani. Kabla ya kuvaa apitishe mkono ndani kuhakikisha hakuna kokoto. Kila usiku wewe Mama zikague nyayo zake, kati ya vidole pia. Chupa ya maji moto kitandani ni marufuku kwake: mguu wenye ganzi unaungua taratibu na mwenyewe hasikii, asubuhi mnakuta lengelenge, na kidonda cha mguu wa kisukari kinachukua miezi. Iwekeni ipashe shuka tu, muitoe kabla hajalala. Na miguu isiegemezwe kwenye kipasha joto, hilo liangalieni leo, maana umesema anakaa karibu nacho.

Baridi hubana mishipa na shinikizo hupanda, kwa hiyo apime asubuhi na aandike kwenye daftari. Dawa muwe nazo za kutosha mpaka katikati ya Januari. Madaktari wengi wa mitaani hufunga kuanzia Krismasi mpaka baada ya mwaka mpya, na tarehe 1 Januari robo mpya ya mwaka inaanza, kadi yenu ya bima itahitaji kusomwa upya kwa daktari kabla hajatoa cheti kingine cha dawa. Nendeni wiki ya pili ya Desemba. Daktari huyo mumuulize pia kuhusu vitamini D: jua la huko kuanzia Oktoba mpaka Machi halitoshi kuitengeneza, na ngozi nyeusi inahitaji jua jingi zaidi. Yeye ndiye aseme kipimo, msijinunulie vidonge vya nguvu kubwa. Namba mbili zibandikeni mlangoni pamoja na anwani yenu na majina ya dawa zake: 116117 kwa ugonjwa usioweza kungoja daktari afungue, na 112 kwa kifua kubana, uso kupinda upande mmoja, mkono kukosa nguvu au ulimi kuwa mzito. Kwa dalili hizo msingoje kukuche.

Kwenye uwanja wa kanisa baada ya ibada mtapewa divai ya moto. Kwa anayemeza baadhi ya vidonge vya kisukari, glibenclamide kwa mfano, pombe juu ya tumbo tupu inaweza kushusha sukari hadi mtu akazimia. Kinachoitwa Kinderpunsch hakina pombe lakini ni sukari tupu, basi achukue nusu kikombe. Stollen, kipande kimoja chembamba.

Nyumba: kirekebishi cha kipasha joto kikiwa kwenye namba 3 chumba kinakaa karibu nyuzi 20, na hiyo inatosha mtu aliyevaa sweta. Fungueni madirisha wazi kabisa kwa dakika tano, mara tatu au nne kwa siku, halafu myafunge. Kuliacha dirisha limeinama kidogo kutwa kunapoza ukuta, mvuke wa machalari unaganda pale, na Februari mnakuta ukungu mweusi nyuma ya kabati.

Kuhusu salamu za tarehe 24, mwambie Baba kwa upole aliweke hubiri lile kwa siku nyingine. Ibada hiyo ni ya takriban saa moja, watoto wanaigiza kuzaliwa kwa Yesu, kanisa limejaa watu ambao wengine hawajaingia tangu mwaka jana, na mara nyingi ibada nyingine inafuata. Ana dakika tatu, ambazo kwa Kijerumani cha taratibu ni maneno kama 300. Maudhui anayo tayari: wamisionari wa Leipzig waliingia Machame mwaka 1893, na usiku huu mchungaji wa Machame amesimama Saksonia kuwasalimu. Kisha ninyi wawili muimbe ubeti mmoja wa "Usiku Mtakatifu" kwa Kiswahili. Sauti ni ileile ya "Stille Nacht". Ubeti wa pili wataingia wenyewe kwa Kijerumani bila kuongozwa. Mwishoni desturi ni kuimba "O du fröhliche" wote wamesimama, kwa hiyo jifunzeni hata ubeti mmoja. Fikeni nusu saa kabla, na muvae tabaka tatu, maana makanisa ya mawe hayapati joto hata yakiwashwa.

Kuna jambo moja liongeeni mapema na mchungaji mwenyeji. Sadaka ya usiku huo katika makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani kwa desturi inakwenda Brot für die Welt, shirika la misaada la makanisa hayo, na tangazo lake huweza kuja na picha za shida za Afrika. Salamu za Baba zisipangwe mara baada ya tangazo hilo, akaonekana kama kielelezo cha wenye njaa. Ametumwa na kanisa kuja kuhudumu, na atambulishwe hivyo. Ukisema wiki mbili kabla, inapangika bila mtu kuona aibu.

Ibada ya tarehe 25 asubuhi mtakuta watu wachache wametawanyika kwenye mabenchi. Msishtuke, ile ya jana yake ndiyo iliyobeba umati.

Machozi ya usiku, Mama, tunayachukua kwa uzito. Baba anaposema "tuombe" hakosei, ila ombeni mkiwa mmetoka nje. Jua huchomoza karibu saa mbili na robo asubuhi na kuzama saa kumi, kwa hiyo kati ya saa tano na saa nane mchana tembeeni nusu saa kila siku, hata mawingu yakiwa mazito, kwa sababu mwanga wa nje wenye mawingu bado unaushinda wa taa kwa mbali. Jioni wekeni dirishani upinde wa taa, Schwibbogen, kama majirani. Asili yake ni kwa wachimba madini wa milima ya Erzgebirge, watu waliojua giza. Kama huzuni na kukosa usingizi vitapita wiki mbili mfululizo, au chakula kikakukataa, mwambie daktari siku ileile mnayokwenda kuchukua dawa za Baba. Mwambie kwa maneno hayohayo uliyotuandikia sisi.

Hela: kaeni wote wawili wiki hii mkubaliane kiasi kimoja, mkikumbuka kwamba Januari ada za shule za wajukuu zinafuata. Mtumieni mtu mmoja, mwana mkubwa, si kila mtoto kivyake, na tangazeni kiasi hicho kwenye kundi la familia ili asiulizwe mara mbili. Iende mwanzoni mwa Desemba, mbuzi anunuliwe kabla magari hayajaanza kupanda na bei kupanda nayo.

Na simu. Wakati wa baridi Machame iko mbele yenu kwa saa mbili. Saa sita kamili mchana wa tarehe 25 kwenu ni saa nane kwao: wametoka kanisani, nyama iko mezani, na wageni wenu hawajafika. Mwagizeni mwana mkubwa anunue bando siku moja kabla, simu iwe imechajiwa, na iwepo ya pili yenye laini ya mtandao mwingine, kwa kuwa mlima mzima unapiga simu saa hizo. Wajukuu wote wapangwe mbele ya kioo cha simu kabla haijaanza kuita. Asikate mtu nyama mpaka Bibi ameombea chakula, na Babu ataje kwa jina nani apewe paja mwaka huu.